Jina la Mama Katika Wimbo wa Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Duka limejaa tangu tufungue. Viwavi wameingia kwenye mahindi, Kitale nzima inataka dawa, na kila mtu anataka kuhudumiwa wa kwanza. Nimeuza, nimepima, nimegombana na mzee mmoja aliyetoboa mfuko wa mbolea aionje kama ni ya ukweli. Aionje! Kwa ulimi!

Nimefika nyumbani miguu inawaka. Njoroge yuko barazani na gita, vile vile nilivyomwacha asubuhi. Kabichi amepalilia, hilo nampa. Albamu yake inatoka Ijumaa. Mimi nahesabu siku kwa niaba yake, yeye anamkuna mbwa kwa kidole cha mguu. Nikamuuliza haogopi? "Watasikiliza wakitaka." Basi, hivyo tu. Miaka sita ya ndoa na sijawahi kumwona huyu bwana akiharakisha, hata mvua ikimkuta shambani.

Ijumaa, 6 Juni

Imetoka!

Nimeicheza dukani kwa spika ndogo, nikaongeza sauti hadi mwisho. Ameirekodi hapa nyumbani, na baraza letu lote limo. Mvua juu ya mabati. Kuku wetu mwekundu anapiga kelele mwishoni mwa wimbo wa pili, na Njoroge hakumtoa. Sauti yake polepole, kama mtu anayekusimulia jambo huku anamenya viazi. Nimelia mbele ya wateja. Sijali.

Halafu ukaja wimbo wa tatu. Huo naujua, ameuimba hapa barazani mwaka mzima: mama wa Bumula, moshi wa jikoni kwake, maharagwe yake, kicheko chake. Nyumbani alikuwa anaimba "mama" tu. Kwenye albamu ameweka jina. Nanjala. Mama yangu mzazi, Nanjala, anaitwa na mkwe wake, tena kwa kuvutwa, tena mara nyingi, tena na gita!

Nimezima spika.

Kwetu Bukusu mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina. Hamshiki mkono. Hawakai chumba kimoja. Akimwona njiani anaingia kwenye mahindi kumpisha. Mambo ya mkono na chumba nilimfundisha Njoroge na anayafuata kuliko hata wanaume wa kwetu. La jina halikuwahi kutokea. Angelitaja wapi? Na Mama naye hajawahi kutamka jina la Njoroge hata siku moja. Kwake ni "huyo mtu wako wa Kitale".

Jioni nimemwambia. Ameweka gita chini. Akasema kwao, kwa Wakikuyu, jina la mama mkwe ndilo unalompa binti wa pili, na hakuna heshima inayopita hiyo. "Binti bado hatuna. Nikaupa wimbo."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nimeenda kukatakata kitunguu badala yake.

Jumamosi, 7 Juni

Mji mzima umegeuka kuwa wataalamu wa muziki.

Boda mmoja hapa stendi ati nyimbo zinamlaza, karibu aingie mtaroni. Mwalimu jirani ameshika mkono wangu kwa mikono miwili, akasema hajasikia kitu safi hivi tangu azaliwe. Vijana wa kuosha magari: "Niaje shemeji, si umwambie mzee aongeze spidi kidogo?" Mama wa mapacha amenikumbatia hadi kilemba kikadondoka, ati watoto wake wamelala wote wawili kwa pamoja na yeye akaoga bila kuitwa. Mama yake Njoroge anaicheza wakati wa kukamua. Yule ng'ombe wake mwenye mateke ametulia kabisa, lakini mama mwenyewe anauliza nyimbo za Mungu ziko wapi.

Na mtangazaji wa redio, huyo sitamsahau. Ati huu ni muziki wa kusubiri maji yachemke. Nikapiga simu studio. Nikawekwa hewani. Nikamwambia awasikilize watu wazima wakiimba na aache kelele za debe. Wateja wamepiga makofi.

Njoroge alisikia yote akiwa kwenye kabichi. Alicheka hadi akakaa chini. "Si ni kweli? Maji yakichemka si unakunywa chai?" Huyu mtu atanimaliza. Nampenda hadi nakasirika.

Jumapili, 8 Juni

Mama hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Leo hakupiga.

Nimepiga mimi. Imelia hadi ikakatika. Nimepiga tena, vile vile.

Jumanne, 10 Juni

Senge Rosa amepiga, shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Hakunisalimia. Wimbo umefika Bungoma, umefika Bumula, umefika hadi sokoni. Wanawake wakienda kwa Mama kununua maharagwe wanaimba kwanza, "Nanjalaaa", halafu ndio wanauliza bei. Wengine wanacheka vizuri, wengine vibaya. Mama anapima maharagwe na kunyamaza. "Huyo bwana yako ametuvua nguo sokoni, Nasimiyu! Mwambie asituletee hiyo gita hapa."

Lile onyesho la Njoroge la Bungoma, anamaanisha. Tarehe ishirini na nane, ukumbi wa kanisa. Mabango yameshabandikwa.

Nimemwambia Njoroge kila kitu. Hakumaliza ugali wake. Akasema atautoa huo wimbo kwenye albamu, na Bungoma haendi. Amesema kwa sauti ya chini sana, na hilo ndilo limenitisha. Nimezoea kumwona ametulia. Leo hakuwa ametulia, alikuwa amenyamaza.

Nimemkatalia. Nimepiga meza. Ndio wimbo bora alioandika maishani na ni wa mama yangu. Lakini namtaka mama yangu pia. Nawataka wote wawili, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Simu kimya. Nimeibeba hadi kwenye zizi la mbuzi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nimeenda Bumula.

Mama alikuwa uani anapukuchua maharagwe. Amenikaribisha vizuri. Chai ya maziwa, viazi vitamu, habari za mvua, habari za jirani aliyeuziwa mbegu mbaya. Amecheka hata. Kila nikijaribu kufika kwenye wimbo anainuka kufukuza kitu. Kuku. Mbuzi. Mara ya mwisho hakukuwa na kitu cha kufukuza, akafukuza tu.

Nikachoka. Nikasema wazi: Mama, hakujua. Kwao ni heshima. Amekupa jina vile angempa mtoto. Nikamwambia pia yuko tayari kuutoa.

Mama alipepeta ungo mzima. Nikakaa pale nimevimba kama andazi, machozi karibu.

Akanifungia mboga ya mrenda kwenye karatasi. Nikiwa langoni ndio akaniuliza, bila kuniangalia: "Huyo kuku anayelia mle ndani, ni yule mwekundu niliyekupa?"

Nikasema ndiye.

"Anakula vizuri?"

Anakula, Mama.

Akarudi kwenye maharagwe yake. Basi.

Sasa niko nyumbani na ndio nimeelewa. Amesikiliza! Tena amesikiliza hadi kuku! Na baada ya kuku ni wimbo wa tatu moja kwa moja, hakuna pa kupitia kando. Nimecheka peke yangu nikichambua mrenda. Lakini simu bado hajapiga, na kusikiliza si kusamehe. Njoroge amekubali kwenda Bungoma kwa sharti moja, kwamba penye jina hatatamka kitu. Ataguna tu. Nimeona ni kuukata wimbo ulimi. Nimekubali kwa sababu sina lingine.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika upesi kabla furaha haijapoa.

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Watu wa Webuye, watu wa Cheptais wamevaa makoti yao, wanakwaya, vijana waliokuja kucheka. Senge Rosa mstari wa mbele kabisa, mikono amekunja, mdomo ameubana. Nyuma ya ukumbi wanawake walikuwa wanapika chai ya wageni, moshi unaingia dirishani. Mama hakuwepo. Niliangalia kila kiti, nikaangalia tena.

Njoroge akaanza kama kawaida yake. Polepole. Wimbo wa kwanza mzee mmoja alisinzia. Wa pili kijana mmoja akauliza kwa nguvu kama kuna wa kuchezeka. Watu wakacheka. Njoroge akamjibu, "Huo uko kwa mwingine, bana," wakacheka zaidi, na nikaona mabega ya watu yameanza kulegea.

Wa tatu. Moshi wa jikoni, maharagwe, kicheko. Akafika penye jina. Akaguna.

Ukumbi wote ukajua. Nilitaka sakafu inimeze mzima mzima.

Na ndipo sauti ikaingia kwa dirisha, kutoka kwenye sufuria za chai.

"Nanjalaaa!"

Mama. Mama yangu! Alikuwa nje muda wote, amekaa kwenye kigoda kando ya moto, mgongo ameupa ukuta, ili asiwe chumba kimoja na mkwe wake. Amekuja na mwiko wake. Mkwe hawezi kutamka jina lake, lakini nani atamkataza yeye kujitaja?

Wanawake wa chai wakapiga vigelegele. Njoroge hakugeuka kutazama dirisha, hata jicho. Vidole vyake tu vilikosea, mara moja, mimi nilisikia. Akaimba ubeti wa pili, akafika penye jina, akaguna, na Mama akajaza. Ubeti wa tatu ukumbi mzima ulijaza, na watu wa Cheptais, na vijana wa kucheka, na mzee aliyesinzia. Senge Rosa alijikaza, akajikaza, halafu akaachilia. Alikuwa na sauti kuliko wote.

Nimecheza wimbo usiochezeka. Nimemkanyaga Senge kiatu. Nimelia, nimecheka, nimekimbia nje.

Mama alikuwa anagawa chai. Nikamkumbatia na kikombe chake. Akaniambia nisimwage. Akajaza kikombe kingine, sukari nyingi, akanipa na kichwa akakielekeza ukumbini. Hakusema cha nani. Nilipompelekea Njoroge alikishika kwa mikono miwili na hakuweza kunywa kwa muda.

Wako ambao hawakupenda bado. Mwanamume mmoja aliniambia mlangoni, kwa upole kabisa, kwamba bwana yangu ana kipaji cha kuchelewa. Nikamwambia nakubali.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani, halafu nguo. Mvua imekatika saa saba na jua limetoka kali, nimeanika hadi soksi.

Mama amepiga. Tumeongea maharagwe. Bei imeshuka kidogo, wanunuzi bado wanaimba, sasa na yeye anawaitikia. Kuku mwekundu ameatamia, nimemwambia. Amefurahi. Mchungaji wao amepata homa. Jirani yule wa mbegu amepanda tena.

Kabla ya kukata akakohoa kidogo.

"Mwambie Njologe avae sweta. Anaimba kama mtu amepigwa na baridi."

Njoroge. Amelitamka, kwa ulimi wake wa Bumula. Nimekaa chini karibu na beseni na simu mkononi, imeshakatika, na sikuinuka upesi.

Nimeenda nikamwambia, neno kwa neno, na jina nikalisema vile alivyolisema. Kisha akainuka na kuingia ndani.

Jua bado linawaka. Soksi zimeshakauka. Njoroge yuko barazani na gita, amevaa sweta.