Sifuri Chini ya Chaza

Jumatatu, 4 Agosti

Ramani mpya ya njia ya meli imetoka! Baba ameitandaza mezani, sahani zote zikahamia sakafuni. Muda wote ule aliokaa kwenye boti, kupima miamba na mafungu ya mchanga mlangoni mwa ghuba – na matokeo ni karatasi moja. Fungu kubwa, lile linalosogea kila mwaka, limejaa tarakimu ndogondogo. Nilitaka kumwambia Baba kwamba imependeza. Nikamwambia chai inapoa.

Mjomba alipitia jioni. Yeye ni rubani wa bandari: hupanda meli za wageni na kuziingiza ndani. Akasema ramani ya shemeji yake ataifuata hata akiwa amefumba macho. Baba akasema kumbe ndiyo maana anaegesha meli kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi Mjomba ataingiza meli kubwa kuliko zote zilizowahi kupita hapa.

Jumanne, 5 Agosti

Nilimpitia Baba gatini baada ya shule. Maji yamekupwa. Amepiga magoti kwenye ngazi ya chini, anakwangua chaza kwa kisu kwenye nguzo ya kupimia maji. Shikamoo yangu ilipita bure.

Chini ya chaza kuna namba za zamani. Na sifuri yao iko chini ya sifuri mpya – kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole.

Alinieleza tukiwa njiani, nusu nusu. Nguzo ilipakwa rangi upya kabla ya upimaji. Fundi rangi alikuta chini pamejaa chaza, akaanzia sifuri pale mbao ilipokuwa safi. Mistari imenyooka vizuri sana. Sasa: boti hupima kina cha saa ile, kisha ofisini wanatoa humo kimo cha maji kilichosomwa kwenye nguzo, ili ramani ioneshe kina kilichopo maji yakiwa yamekupwa. Nguzo imesoma kidogo, wametoa kidogo. Ghuba nzima imeandikwa kuwa na kina kirefu kuliko ilivyo.

Nikauliza, hata fungu kubwa? Akasema, hasa hilo.

Jumatano, 6 Agosti

Baba amempigia Mkuu wake. Chumba changu kimepakana na sebule, na Mkuu ana sauti kubwa. Ramani imeshasambazwa, alisema. Meli itapita maji yamejaa, nafasi ipo, usiwatie watu presha. Ikishapita mtapima upya, kimyakimya.

Mkataba wa Baba unaisha mwezi huu. Mkuu hakuutaja. Aliuliza tu kama watoto hatujambo.

Alhamisi, 7 Agosti

Baba hali chakula. Mama anadhani ni tumbo. Boti haikutoka, mawimbi makubwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemuuliza Baba nafasi itakayobaki chini ya meli ni kiasi gani. Akaonesha kwa viganja, kimoja juu ya kingine: unene wa godoro. Na mawimbi haya yakiendelea? Akachukua sahani yake akaenda kuiosha. Baba hajawahi kuosha sahani.

Mjomba anajua? Nitamwambia, akasema. Jana pia alisema hivyo.

Nimefanya mazoezi ya sentensi bafuni, bomba likiwa wazi. Mjomba, ramani ina kosa. Mjomba, usipite juu ya fungu. Sauti yangu inakuwa ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nani atamsikiliza mtoto wa kidato cha tatu? Na akinisikiliza, Baba atafukuzwa kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Mjomba yupo. Amepitia chai kabla ya kwenda kazini. Upepo umezidi, dirisha linatikisika. Nilikaa mkabala na Baba nikamwangalia, nikamwangalia. Akazungumzia mpira. Mpira! Mjomba akatazama saa, akamalizia kikombe. Nikasimama, nikapita mlangoni, nikachukua viatu vya kazi vya Mjomba, nikaingia chumbani, nikajifungia.

Viko mapajani mwangu. Vizito. Ninaandika kwa sababu sijui mikono niifanyie nini.

Anagonga. Mpwa wangu, unataka kuwa rubani leo? Mguu wako hautajaza hata kimoja. Mama anacheka jikoni. Baba hacheki.

Anagonga tena. Sasa hatanii. Anasema boti ya marubani haimsubiri mtu, nifungue. Mama ameacha kucheka, anasema huyu mtoto ana nini, hajawahi kuwa hivi. Anamwita Baba.

Kiti kimeburutwa. Nyayo za Baba zinakuja, polepole. Zimesimama hapo nje, karibu na Mjomba.

Nasikia anavyopumua.