Ufa Nyuma ya Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba ya jirani wa nyuma imeungua. Umeme, wanasema. Wamebaki na godoro na sufuria, wanalala kwa dada yao. Binti yetu amepiga simu hata moshi haujaisha — amesikia wapi? Mama, sasa mtanisikia. Kateni bima ya nyumba. Nikamwambia nyumba hii alijenga baba yako, haiwezi kuungua. Nami nikajisikia nilivyosema upuuzi.

Zamani kingeungua chumba, Timazi angejenga kingine. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita mume wangu — timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia ukuta — kwa sababu kuta zake zimenyooka kuliko tabia za waliomwajiri. Sasa amelala. Kiharusi kimechukua mkono wa kulia, mguu, na maneno yote isipokuwa moja: ngoja. Una njaa? Ngoja. Nikugeuze? Ngoja. Nimemngoja mtu huyu tangu uchumba, sasa ndiyo kabisa.

Nyumba hii ikiondoka, wa kujenga nyingine hayupo. Basi, bima tukate.

Alhamisi, 6 Machi

Wakala wa bima kaja. Msichana mchangamfu, anaongea kama bomba lililoachwa wazi. Nimemkalisha chumbani kwetu, kando ya kitanda. Sitaki Timazi aamuliwe mambo akiwa chumba kingine, hajafa. Paa la nini? Mabati. Msingi? Mawe. Kuna uharibifu wowote uliopo tayari — ufa, unyevu, kuvuja?

"Hakuna," nikasema. Haraka hivyo!

Timazi alikuwa ananitazama. Na kabati la nguo liko pale pale, miguuni pa kitanda, kwenye ukuta ule ule unaoegemewa na kitanda, na nyuma yake ufa unaoshuka kutoka kona ya dirisha. Sehemu inayochungulia juu ya kabati Timazi alikuwa akiiziba na kuipaka rangi kila mwaka. Kila mwaka ilirudi. Hatujawahi kuitaja mbele za watu. Fundi mwashi, nyumba yake ina ufa! Mganga hajigangi — wangecheka mpaka wachoke. Chumba hiki alikijenga mwisho, mimi nina mimba ya binti yetu, juu ya shimo la zamani lililojazwa kifusi. Wateja wake alikuwa akiwakataza kujenga juu ya kifusi. Sisi tulikuwa na haraka.

Wakala akasema mkaguzi atakuja Jumanne ya wiki ya pili. Akaongeza mlangoni, kwa upole tu: mkificha kitu kikaja kujulikana, kampuni inaweza kukataa kulipa hata kwa jambo lingine kabisa. Hata moto.



Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia wakala. Mwanangu, lile swali la uharibifu... nilipitiwa. Kuna ufa. Hakunigombeza, Mungu ambariki. Ufa wa zamani uliotulia, anasema, unaandikwa tu: ukuta ule hawaulipii, nyumba iliyobaki yote inalindwa. Ila kama bado unapanuka, hiyo ni habari nyingine. Wanaweza kutaka utengenezwe kwanza. Au wakakataa nyumba nzima.

Umetulia, mama?

Sijui. Anayejua hasemi.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja, mdogo wake Timazi. Alimkorogea kaka yake saruji tangu ujana mpaka naye akawa fundi. Nikamweleza. Akaanza: usipoziba ufa... Nikamkatiza. Kila anayeona ufa lazima atoe methali hiyo! Umezibwa, nikamwambia. Umezibwa mpaka wenyewe umechoka!

Tukalivuta kabati. Nilijiandaa kwa kazi nzito, kumbe limeteleza lenyewe — chini ya miguu yake kuna vipande vya blanketi. Kumbe Timazi alikuwa akilivuta. Nikiwa sokoni, bila shaka.

Nyuma yake, vipande vya kioo. Vidogo, vimegandishwa kwa saruji kuukatiza ufa, kimoja chini ya kingine. Vyote vimepasuka katikati. Shemeji akaeleza taratibu. Ndivyo wanavyofanya wakitaka kujua kama ukuta unatembea. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinakatika. Akagusa kile cha chini, saruji yake bado haijashika vumbi. Hiki ni cha mwaka jana, akasema, kabla tu hajaugua. Nacho kimekatika.

Unatembea, basi.

Nikageuka. Timazi anatokwa na machozi bila sauti. Sijapata kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Nimemfuta kwa khanga, naye akageuza uso.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna jambo limenikaa kooni tangu jana.

Tulipohamia chumba hiki mimi ndiye niliyelala ukutani. Nilipapenda, mtoto hawezi kuanguka. Siku moja, mtoto bado ananyonya, Timazi akatuhamisha. Yeye ukutani, sisi upande huu. Niligomba! Nikamwambia unapataka ukutani ili usiamke mtoto akilia. Nimemtania kwa hilo mbele ya dada zangu, mbele ya shemeji, miaka yote. Mvivu wa ukutani. Alikuwa akicheka tu.

Aliuficha ufa, lakini hakutulaza chini yake. Nimelia nikifua mashuka, nimelia nikiyaanika.

Na mimi, tangu augue, nimemlaza ukutani vile vile kwa sababu ndiko alikozoea!

Nimemwita shemeji, tumeweka kitanda sebuleni, tukamhamishia huko. Mlangoni Timazi akashika fremu kwa mkono wa kushoto, hataki kuachia. Ngoja. Nikamwambia umelinda vya kutosha, mzee wangu, achia. Ilibidi nimbandue kidole kimoja kimoja.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji ana wazo. Tumwambie mkaguzi ufa upo, sawa, hapo hakuna uongo. Ila vile vioo tuvibandue. Ufa bila vioo ni ufa kama wa watu wote. Ni kazi ya patasi, mara moja kwisha.

"Shemeji, kaka mikono imekwisha, sauti imekwisha. Amebaki na jina. Na hilo nalo umnyang'anye?" akaniambia.

Si mtu mbaya. Anampenda kaka yake, basi. Patasi kaniachia kwenye droo ya jikoni.

Binti kwenye simu: Mama, jina si paa. Naye kasema kweli. Kila mmoja kasema kweli, kisha kila mmoja kaenda zake. Mkaguzi nitampokea mimi.

Nimemwuliza mwenyewe. Nikakaa naye, nikamshika mkono. Vioo vibaki? Ngoja. Viondoke? Ngoja. Tukacheka wote wawili, mdomo wake ukienda upande. Kisha hatukucheka tena.

Jumanne, 18 Machi

Mkaguzi yumo ndani, na shemeji kaja pia. Naandika jikoni. Nimesema naandaa chai.

Vioo viko pale pale. Patasi nilikwenda nayo chumbani jana, nikarudi nayo.

Ni mtu mpole, miwani puani. Kapita akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Nani kajenga? Nikamwonyesha kitandani. Akamwinamia. "Shikamoo, fundi." Timazi akamkazia macho, hiyo ndiyo marahaba yake. Mkaguzi akasema kona kama hizi hazijengwi siku hizi. Nikaona shingo ya Timazi inanyooka kwenye mto. Nikatamani yule bwana aage saa ile ile, aende zake na neno lake.

Akaingia chumbani. Alipotoka hakuniuliza mimi. Alivuta kiti mbele ya Timazi. "Fundi, vile vioo uliviweka wewe?"

Hapo ndipo nilipokumbuka chai.

Maji yamechemka zamani. Shemeji anajibu badala ya kaka yake, anaongea mbio mbio. Vile ni vya kufundishia vijana kazi. Vimepasuka juzi, tukivuta kabati. Ufa wenyewe haujasogea tangu enzi. Mkaguzi anauliza, basi niandike umetulia?

Timazi anagonga. Mkono wa kushoto, kwenye ubao wa kitanda. Hata neno lake hasemi. Shemeji kapandisha sauti ili asisikike — tulia kaka, chai inakuja! Anazidi kugonga.

Maisha yangu yote sijapata kusema mbele za watu kwamba mume wangu alikosea. Hata kwa mama yangu mzazi sikusema.

"Mama," mkaguzi ananiita huku jikoni, "mgonjwa anataka kusema nini?"

Kugonga kumekoma.

Nimezima jiko. Majani hata sijatia. Naenda kumsemea, bila chai.