Harusi ya Bibi Tumu

Troyeville, Johannesburg

Kaka Khatibu,

Asalaam aleikum. Huku baridi imekaza. Sumaiya wangu ametimiza miaka kumi na minne. Nikimsemesha Kiswahili, hunijibu Kizulu.

Nani alimpa yule mama wa Kimarekani namba yangu? Anasema ukoo wao ulihama Ujerumani ukaenda kulima mahindi Nebraska, ila ndugu mmoja akaja Muheza kwenye mkonge. Ndiye Mjerumani wetu, aliyemuoa Bibi Tumu wakamzaa babu. Nikajua huyu anataka shamba. Nikamwambia hatuna ardhi wala makaratasi. Akajibu hataki kitu, anatafuta ndugu tu. Hapo nikazidi kumshuku.

Jana kanitumia barua ambayo Mjerumani alimwandikia kaka yake Nebraska, pamoja na tafsiri: "Msichana wa jikoni, Tumu, miaka kumi na minne, ana mimba. Nimemrudisha kwao."

Asubuhi hii nimesimama mlangoni namtazama Sumaiya akifunga kamba za viatu vya shule.

Mmarekani simshuku tena. Nakuuliza wewe uliyekaa na Babu hadi mwisho: ile harusi tuliyosimuliwa, nani aliiona?

Dada yako,
Mayasa