Yaya, Nimemwambia Zaina Juu ya Ule Mukaba

Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa,

Siku tatu nimekaa garajini na karatasi hii. Naandika jina lako, naishia hapo. Leo nitaendelea.

Watoto wako wameoa wote. Zaina wako hakuolewa tena. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na mpaka hivi karibuni alikuwa bado ananiletea sombe, majani ya muhogo, ya mchana, kama alivyokuletea wewe.

Unaikumbuka jeep ya kamanda. Vita ilikuwa imetufungia hapa Kindu, treni haiji, vipuri hakuna. Askari wake walikuwa wameifungia kompresa iliyotoka kwenye gari jingine, ile ya kusukuma hewa ndani ya moteri, ili ipande milima kwa nguvu. Ukiiendesha polepole, haina neno. Ukikanyaga pedali mpaka chini, inakohoa na kuishiwa nguvu.

Mimi nilisema mukaba wa kompresa, ule mkanda unaoizungusha, unateleza. Wewe ulilala chini ya gari muda mrefu, ukatoka na vumbi usoni.

"Saidi, si mukaba. Hii gari iko na njaa. Hewa inaingia mingi, mafuta haiifuati. Tutafute kuanzia kwa tangi."

Ulitaka siku mbili. Ulipokwenda msikitini adhuhuri, askari wakaja. Mmoja alikaa kwenye kiti chako, bunduki juu ya magoti, akaniuliza kama gari imepona. Nilikuwa nimebadilisha mukaba tu. Nikasema, "Imepona, chef."

Nilijua haijapona, yaya. Niliogopa.

Uliporudi walikuwa wamekwisha kuamua kwamba fundi atakwenda nayo. Ulinitazama mara moja. Ungeweza kusema, "Mudogo wangu amewadanganya." Ulichukua mfuko wa vyombo, mukavuka mto kwenda Alunguli.

Askari aliyerudi kwa miguu alitueleza. Kabla ya Kalima mulipigwa risasi, dereva akakanyaga kwa nguvu, gari ikafia katikati ya mpando wa mlima. Uliuawa pale, na hatukukuleta nyumbani kukuzika. Zaina aliponiuliza, nilimwambia, "Ni vita, shemeji." Kila muntu alikubali. Nikalifanya jibu hilo nyumba, nikakaa ndani yake miaka yote hii.

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa Kampene alileta jeep iliyofungwa kompresa. Ugonjwa ule ule. Mikono yangu ilitaka kushika mukaba kwanza. Nikaizuia. Nilifunga kipimo cha presha kwenye njia ya mafuta, nikakibandika mbele ya kioo, nikaendesha mwenyewe. Polepole, mshale umetulia. Nilipokanyaga mpaka chini, ukaanguka. Nikabadilisha filtri, ukaanguka tena. Nikajaribu pompu nyingine, vilevile. Mwisho nikalala chini, mwenzangu akakanyaga pedali huku mguu mwingine uko kwenye breki, nikaona tiyo, ule mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi: ilikuwa laini ndani, pompu ikivuta sana inajibana yenyewe. Akiachia, inafunguka, huoni kosa. Niliweka tiyo ngumu. Gari ikapanda bila kukohoa.

Sijui kama ile ya kamanda iliuawa na tiyo. Hatutajua kamwe. Lakini ulikuwa umeniambia nianzie kwa tangi.

Nilikwenda kwa Zaina na mikono yangu michafu vile vile. Alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia yote, mukaba, askari, neno nililosema. Hakuinua macho.

"Ramazani alijua gari haijapona?"

"Alijua."

"Na alipanda."

"Angekataa, wangenikamata mimi, shemeji."

Aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha. Halafu akasema, "Mpaka leo nilikuwa na mume aliyeuawa na vita. Sasa sijui niko na nani. Uende, Saidi."

Tangu siku ile sombe haiji. Ni haki yake, wala sikuandikii ili uniombee msamaha kwake.

Pumzika, yaya, popote walipokuacha kwenye njia ile. Nilichelewa kukuaga vizuri, nakuaga sasa. Naahidi hivi: wajukuu wako watalisikia jambo hili kutoka mdomoni mwangu, si kwa majirani. Na kila Ijumaa nitakwenda kukaa nje ya mlango wa Zaina. Akinifungulia, nitaingia. Asiponifungulia, nitarudi Ijumaa nyingine.

Mudogo wako,
Saidi