Mwendo wa Selestini

Nachingwea Mjini,
20 Novemba 2005.

Mpendwa dada Auleria,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua chako kimepata nafuu. Sisi huku tunapumua. Jua ni kali, vumbi la magari ya korosho linaingia mpaka ndani ya studio yangu, na mimi nimechoka, dada.

Uliulizia ile filamu ya misheni. Ndugu zake yule Bruda aliyeipiga mwaka 1972 ndio walioirudisha, na ndani yake yumo kaka yetu Selestini akitoka kanisani Malolo. Mimi nilizaliwa surua ilishamchukua, na picha yake hatukuwa nayo hata moja. Mama aliposikia, akasema anataka kumwona kabla macho yake hayajazimika. Daktari wa macho alishatuambia kinachopotea hakirudi.

Fundi mmoja wa Dar aliihamisha filamu kwenye kanda ya video. Nami nikaiingiza kwenye kompyuta, nikachoma DVD, nikaipeleka nyumbani Malolo kwa wazee. Jirani yao, Agapiti, alituazima jenereta. Selestini akatokea mlangoni mwa kanisa, akakimbia kama mtoto mwingine yeyote.

"Huyo si mwanangu," mama akasema. "Mwanangu alikuwa anaburuta mguu."

"Acha hivyo hivyo, Octavian," baba akaniambia. "Hapa anakimbia."

Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Lakini mama alisema kweli. Filamu ile ilipigwa picha kumi na nane kwa sekunde, na video inakwenda ishirini na tano. Fundi hakurekebisha, kwa hiyo humo kila mtu yuko mbio, hata padre mzee.

Nikarudi mjini kuupunguza mwendo. Kazi hiyo imenimaliza. Ukipunguza vibaya, picha zinarukaruka na watu wanatembea kama wanashtuliwa. Ukiipata sawa, umeme unakatika DVD ikiwa katikati ya kuchomwa, unaanza upya. Maharusi wanakuja kuulizia kanda zao, nawaambia warudi kesho. Nimemtazama Selestini picha baada ya picha, mpaka nimejua anavyoshika goti kabla ya kushuka ngazi. Kaka ambaye sikumkuta, sasa namjua.

Jumapili iliyopita nikaenda tena Malolo. Mama akasogeza kigoda mpaka karibu na kioo cha TV. Nikawasha. Akaniambia anaona weupe tu.

Nilichelewa, dada. Nikanyoosha mkono nizime deki, mama akanizuia.

Baba alikuwa kibarazani, ameipa TV mgongo. Alikwisha sema huyo wa polepole hataki kumwona. Mama akamwita, "Baba Auleria, njoo uniambie amefika wapi."

Nilidhani hataitika. Akaja, akaketi sakafuni kando yake, akatazama.

"Ametoka mlangoni," akasema. "Kavaa lile shati ulilomshonea. Anashika goti. Anashuka."

"Anaburuta?"

"Anaburuta, mama Auleria. Anakuja taratibu."

Mama akatafuta mkono wake mpaka akaupata. Wakaniambia nirudie. Nikarudia, na kila mara baba akamsimulia kama ndiyo mara ya kwanza, mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Nakutumia nakala kwa mkono wa mwalimu Eva, anayefundisha hapa na kwao ni huko Bukoba, anakuja likizo. Nawe ukiweza, jitahidi ufike Krismasi. Mama anasema uso wako anaukumbuka, anachotaka ni sauti. Utamkuta baba naye akilitaja jina la Selestini wakati wa kula, jambo ambalo sikulisikia nyumbani kwetu tangu nizaliwe.

Mke wangu Magreti anakusalimu sana. Shangazi Makrina wa Kiegei naye anakusalimu, anauliza kama bado unamkumbuka. Utufikishie salamu kwa shemeji Davis na watoto wote. Mungu awaweke salama, na awafungulie njia ya kuja.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Octavian