Choo Kinatapishwa, Mimi Simo

Sahibu upo? Nimerudi kutoka shuleni kwa mjukuu wangu. Ningejua ningebaki kitandani.

Si nilikwambia wameambiwa waeleze kwa Kiingereza jinsi kazi fulani inavyofanyika? Akachagua yangu, kutapisha vyoo. Nikamweleza jioni nzima, ndoo, kamba, mafuta ya taa ya kupunguza harufu, yote. Leo tukaitwa kusikiliza. Nikavaa lile koti nililovaa siku ya kumwoza mwanangu!

Akasoma. Baba mmoja niliyekaa naye akawa ananitafsiria: choo kinafunguliwa, ndoo inashushwa, uchafu unavutwa juu.

Nangoja nitajwe. Wapi!

Nikasimama nikauliza, "Sasa anayevuta ni nani?" Darasa zima kicheko.

Mwalimu akasema, "Mzee, ndiyo kauli ya kutendwa tuliyowafundisha. Kwenye maelezo kama haya tunataka kazi, anayeifanya si lazima."

Si lazima! Mimi ninayeshuka mle ndani!

Hilo ningelimeza. Ila akamgeukia mtoto, "Huyu ni babu yako?"

Akasema, "Hapana mwalimu, ni jirani yetu. Amenisindikiza tu."

Jirani, sahibu. Jirani! Mtoto niliyembeba mgongoni mpaka akaota meno.

Njiani katangulia mbele, hageuki. Tumefika mlangoni, hakuna mtu anayetuona, ndipo ananiita, "Babu, nifungulie."

Nimempa ufunguo afungue mwenyewe. Mimi niko hapa nje, na koti langu.