Kumsemea Mwenzako

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumai karatasi hii imewakuta wazima, wewe, wifi na watoto, na kwamba ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima. Miguu imechoka kidogo, sauti haijachoka hata kidogo.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara kadhaa, kila mara kwa hasira mpya. Uliniandikia kwamba tangu kiwanda chetu cha juisi kifungwe nimekuwa kama mpishi anayelisha mtaa huku wanawe wanalia njaa, kwa kuwa nikisikia nafasi ya kazi nawapelekea wengine. Ukaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kama mimi ni fundi wa kweli kazi itanifuata. Ukamaliza kwa amri: nisipopata kazi kabla ya shule kufunguliwa, nifunge chumba changu, nije kwako nilee watoto na nikae kimya. Kaka, kulea watoto ningeweza. Kukaa kimya ndiko kungeniua.

Basi leo nakujibu, na uniwie radhi, sitajibu kwa upole.

Methali yako ilitungwa na mtu aliyeshiba. Chema kilichofungiwa chumbani hakijiuzi, kinaoza. Nimetengeneza majokofu makubwa, yale yenye ukubwa wa chumba, tangu ujana wangu, lakini nilipoanza kuzunguka na bahasha zangu hakuna aliyelijua hilo ila mimi. Mlinzi getini aliipokea bahasha, kisha akanionyesha njia niliyojia. Na siku nilipobahatika kuketi mbele ya bosi na kuulizwa nina uzuri gani, mimi huyu unayeniita redio isiyozimika, ulimi ulinata. Tulilelewa tukiambiwa anayejisifu hana haya. Nikajibu kwamba najitahidi. Nani anaajiri mtu anayejitahidi?

Kisha kikatokea kisa cha Bubu. Huyu ni mchomeleaji niliyekuwa naye kiwandani. Si bubu, ila maneno kwake ni kama meno, hayatoki bila maumivu. Aliitwa kwenye kiwanda cha mikate, akaniomba nimsindikize. Alipoulizwa anajua nini, akatazama viatu vyake. Meneja akaanza kukusanya makaratasi. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikasimama bila kualikwa, nikamwambia kwamba mlango wa chumba cha baridi alioutengeneza bwana huyu haukuvujisha ubaridi mpaka siku tuliyofungiwa geti, na kwamba kasoro yake ni moja tu: ukimuuliza swali asubuhi, jibu utalipata jioni. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Bubu akaanza kazi wiki ileile.

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Kinywa kilichofungwa na haya mbele ya sifa zangu kilifunguka kwa sifa za mwenzangu. Nikawakusanya waliopoteza kazi pamoja nami: Bubu, mhasibu wetu, na yule mama wa maabara aliyekuwa akipima juisi. Tukawa tunakutana kila Jumatatu kwenye kibaraza cha duka la fotokopi, tukaweka sharti. Mtu hajisemei. Anasemewa na mwenzake, kwa yale tu aliyoyaona kwa macho, na lazima itajwe kasoro moja ya kweli, mwajiri asidhani anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Najua utasema huko ni kujuana, na kujuana ndiko kulikotuharibia kila ofisi. La, kaka, usinichanganyie mambo! Mjomba anayempa mpwawe kiti hajawahi kumwona akifanya kazi. Amemwona akila tu. Sisi tunatoa ushahidi. Maskini hakosi ufundi, anakosa shahidi.

Mhasibu akapata kazi. Mama wa maabara naye akapata. Wote niliwasemea mimi. Nisikufiche, kuna Jumatatu niliketi kibarazani peke yangu, barua yako mfukoni, nikiwaza nitafungasha nini na nitaacha nini.

Ndipo ikaja nafasi ya fundi mkuu kwenye kampuni ya kuhifadhi nyama na maziwa. Wenzangu wote walibanwa makazini, isipokuwa mmoja aliyepewa ruhusa. Ndiyo, yeye. Niliingia kwa meneja, mama mwenye macho makali, nikiwa na shahidi asiyesema.

Bubu alinyamaza mpaka nikajifinya vidole nisimsaidie. Halafu akasimulia, polepole, jinsi umeme ulivyokuwa ukipanda na kushuka siku moja kiwandani na mkurugenzi akaamuru mitambo isizimwe, na mimi nikaizima, nikasimama mbele ya swichi huku natukanwa. Yeye ndiye aliyefungua mashine baadaye, akaona nyaya zimeanza kuungua. Kasoro yangu, akasema, ni mdomo. Bosi akikosea nitamwambia, hata kama ndiye anayenilipa, hata mbele ya wageni. Akaketi akivuja jasho kama aliyeshusha saruji.

Mama yule akaweka kalamu chini. Akasema mafundi wake waliopita walimjibu ndiyo mama, ndiyo mama, huku nyama inaoza kwenye ndoana, na kwamba amemtafuta sana mtu wa kumwambia hapana. Kaka, ule mdomo ambao wewe ulisema utanilaza njaa ndio ulioajiriwa. Sentensi hiyo isome mara mbili, nami nitakusubiri.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu, maana simu ungeikata. Najua kwamba ofisi yenu ilikupunguza kazini hata kabla hujaniandikia. Usimgombeze wifi, nilimbana mimi, na unajua nikimbana mtu. Kwa hiyo ulikuwa tayari kunilisha kwa mfuko mtupu, huku unanifokea. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kwa meneja wangu.

Anahitaji mtunza ghala. Nilimweleza nilivyokuona siku ya mafuriko ukikataa kutoka kwenye ghala la ofisi yenu mpaka gunia la mwisho la mbegu lipandishwe juu. Nilikusifu mpaka nikaona haya. Mengine sitayarudia mbele yako, utavimba kichwa. Nikataja na kasoro: kwamba hujui kuomba msaada, na hata ukizama utasema unaoga.

Anakusubiri Jumatatu ijayo asubuhi. Vaa koti la kijivu, si lile la kahawia. Mimi sitaingia nawe, yangu nimeshayasema. Ukipata, kuna wapya pale kibarazani wanaongoja mtu wa kuwaona wakifanya kazi. Utawatazama vizuri, kisha utawasemea. Chumba changu sikifungi, na godoro la pili nimeshalinunua, ulilalie mpaka utakapopata pako.

Msalimie sana wifi, mwambie namshukuru kwa kutoniweza. Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao ana ufunguo wa jokofu kubwa kuliko nyumba yenu.

Mdogo wako akupendaye kwa kelele,

Fundi Mkuu